Mchumba Anayemwagilia Magugu

"Hebu rudia, nisikie vizuri," mama alisema, akakitua kikombe cha chai mezani kabla hata hajakionja. "Kazi yake ni nini?"

Kidawa alijua mama yake alikuwa amesikia vizuri tangu mara ya kwanza. Alisikia kwenye simu, akaikata, akapanda basi kutoka shambani mpaka mjini ili asikie upya kwa masikio yake mwenyewe, bila mawimbi ya simu kuingilia kati.

"Anaotesha magugu, mama."

"Anayang'oa."

"Hapana. Anayaotesha. Anayapanda kwenye trei, anayamwagilia, anayatunza mpaka yafike kimo tunachokitaka. Sisi tunaotengeneza dawa lazima tuwe na magugu ya kujaribia. Bila yeye hatuwezi kujua dawa gani inafanya kazi na ipi ni maji ya bomba tu."

"Mwanangu." Mama alinyoosha mikono yake juu ya meza, viganja vikitazama juu. Vidole vilikuwa vimejikunja kidogo, havikunyooka sawasawa hata alipojitahidi. "Itazame hii mikono. Nimeanza kung'oa magugu kwenye ngano wewe hujazaliwa. Mgongo wangu umepinda kwa ajili ya magugu. Nikakusomesha, nikasema angalau mtoto wangu atatafuta dawa ya kuyamaliza. Leo unaniambia unataka kuolewa na mtu anayeyapa maji?"

Kidawa alitaka kucheka, lakini alipomtazama usoni akaacha. Mama hakuwa anatania hata chembe.

Kidawa halikuwa jina lake la kuzaliwa. Walimpachika kazini, pale maabara, kwa sababu kila mtu alipomkuta alikuwa amekishika kichupa kidogo mkononi, ndani mna kidawa kipya ambacho hakijawahi kuwepo duniani. Kazi yake ilikuwa kuunda hivyo. Vingi havikufaa kitu. Vingine viliua magugu na ngano pamoja, na mkulima hana haja na dawa ya namna hiyo, maana hata moto unaweza kazi hiyo. Alichokuwa akikitafuta kwa miaka yote hiyo ni kitu kinachoweza kuchagua: kiingie shambani, kipite juu ya ngano bila kuidhuru, kimshike mwizi peke yake.

Na yule aliyekuwa akivipokea vichupa vyake na kuvinyunyiza kwenye trei walimwita Bwana Magugu.

Alimposa siku moja wakiwa wanaosha trei. Hakupiga goti wala hakuleta maua. Alisema tu, mikono ikiwa kwenye povu, "Nikikuomba tuishi pamoja mpaka tuzeeke, utaniuliza maswali mangapi kabla ya kunijibu?" Kidawa alicheka mpaka maji yakamrukia usoni. Akasema atafikiri. Tangu hapo alikuwa bado anafikiri, na jambo hilo lilimshangaza mwenyewe, kwani yeye hakuwa mtu wa kuliacha swali lilale bila jibu.

Sasa muda ulikuwa unambana. Mkuu wa maabara, mama mmoja mkali ambaye wafanyakazi walimwita Bi Chujio kwa jinsi alivyokuwa akichuja kazi za watu, alikuwa ameamua kwamba kichupa cha mwisho cha Kidawa kimeshindwa. Kilipausha magugu yakawa meupe, sawa, lakini ngano nayo ikapauka. Trei zitupwe, kazi ifungwe, na Kidawa ahamishiwe tawi la mbali linalotengeneza rangi za mbao. Rangi za mbao! Kila akiwaza hilo alihisi kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa bado na mguu mmoja ndani.

Simu yake ikaita juu ya meza. Mama akaitupia jicho, Kidawa akaidaka.

"Njoo bandani," sauti ya Bwana Magugu ilisema. "Sasa hivi, kama unaweza."

"Kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuita."

Mwanaume mwingine angesema amemmiss, angesema hajalala kwa ajili yake. Huyu alisema hajui, na Kidawa akajikuta tayari amesimama anatafuta funguo.

"Ni yeye?" mama aliuliza.

"Ni yeye."

"Basi ningoje nivae viatu."

*

Banda la magugu lilikuwa nyuma ya maabara, refu, la vioo kuanzia ukuta mpaka paa. Ukifungua mlango unapokewa na joto na harufu ya udongo uliomwagiliwa. Pande zote mbili zilipangwa meza, na juu ya meza trei, na ndani ya trei kila aina ya jani ambalo mkulima hulilaani: yanayotambaa, yanayochoma, yanayonata kwenye suruali. Yote yamenawiri. Yote yana lebo.

Mama alisimama mlangoni, mkono kiunoni, kama mtu aliyeingia nyumba ya adui akakuta maadui wamekaa wanakula.

Bwana Magugu alitokea kati ya meza. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa mabuti ya mpira, na miwani yake ilikuwa imejaa ukungu wa joto. Aliivua aifute, akamwona mama, akasahau kuivaa tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alimpima kuanzia mabuti mpaka nywele. "Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

"Hili hapa nalijua," mama alisema, akaonyesha trei iliyokuwa karibu naye, yenye nyasi changa zinazofanana na ngano kama mtu na pacha wake. "Sisi tunaliita mnafiki. Linakaa na ngano, linafanana na ngano, mpaka siku linatoa mbegu zake ndipo unajua umelisha mwizi. Na wewe umelipanda kwa mstari. Umeliwekea mbolea."

"Kidogo tu," alisema kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

"Mbolea! Mimi ngano yangu mwaka jana haikupata mbolea."

"Mama," Kidawa alianza.

"Mwache ajibu mwenyewe. Ana mdomo."

Bwana Magugu alivaa miwani. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Kidawa alimwona akitafuta maneno. Macho yao yalikutana kwa muda mfupi. Hakumwomba msaada. Alimgeukia mama.

"Kwetu hatukuwa na shamba, mama," alisema. "Baba alifariki mapema. Mama yetu alikuwa na mbuzi, basi. Asubuhi mimi na dada yangu tulipita kando ya mashamba ya watu, tukaokota magugu waliyoyang'oa. Huyu mnafiki, mbuzi wanampenda kuliko nyasi zote. Mbuzi walikula magugu, walizaa, wakauzwa, nikapata ada ya shule. Najua yanavyowaumiza wakulima. Ila siwezi kuyachukia kama nyinyi, kwa sababu mimi yamenilea."

Feni ilikuwa ikizunguka mwisho kabisa wa jengo. Kidawa alikuwa hajawahi kuisikia habari ya mbuzi. Aliona haya. Alikuwa amemuuliza mtu huyu mambo chungu nzima, kuhusu mizizi, mbegu, na saa gani majani hufunga vinyweleo vyake, na hakuwahi kumuuliza hilo.

"Kwa hiyo shamba huna," mama alisema mwishowe, lakini ukali wa sauti yake ulikuwa umepungua.

"Sina."

"Na mwanangu ndiye mtoto wangu pekee. Shamba langu nitamwachia nani? Mtu atakayelijaza mnafiki alishie mbuzi?"

Hapo Kidawa hakuvumilia. "Mama, umeniitia kitu gani?" alimuuliza Bwana Magugu haraka, akajikuta amechanganya maneno. "Yaani wewe. Umeniitia nini?"

Bwana Magugu alitabasamu kwa shukrani, akawaongoza mpaka kwenye kona ya mbali kabisa, nyuma ya mapipa ya udongo.

Trei za Kidawa zilikuwa pale. Zile zilizoamriwa zitupwe.

Mama alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Upande mmoja magugu yalisimama meupe pepepe, meupe kama karatasi, yamelegea. Upande wa pili ilikuwa ngano, nayo majani yake yamepauka kuanzia ncha.

"Mmeiua," mama alinong'ona. "Ngano yote hii changa, mmeiua."

"Nami nilidhani hivyo," alisema Bwana Magugu. "Chuchumaa hapa uone. Usiangalie juu, angalia katikati, jani linapochipuka."

Alikuwa anamwambia Kidawa, lakini mama ndiye aliyechuchumaa wa kwanza, akishikilia ukingo wa meza. Kidawa akajibana upande wa pili. Bwana Magugu alitenganisha majani meupe kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayefungua nywele za mtoto akitafuta kidonda. Katikati, kwenye shina, jani jipya lilikuwa linachomoza.

Lilikuwa la kijani.

Kidawa alishusha pumzi. "Na ngano ya pembeni?"

"Kijani. Zote. Nimezikagua moja moja."

"Na mnafiki?"

"Jani jipya jeupe, kama la zamani."

"Sasa kwa nini?" Kidawa aliuliza, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, nyembamba, ya haraka. "Dawa ni ile ile, udongo ule ule. Ingekuwa dawa imeisha nguvu, hata gugu lingerudi."

"Ndivyo nilivyojiuliza."

"Mbona mnaongea kama mnagombea embe?" mama alisema. "Nielezeni na mimi. Dawa hii inafanya nini?"

Kidawa alikaa chini kabisa, sakafuni, bila kujali sketi. "Jani lina rangi ya kijani, mama, na ndani yake kuna kitu kinachoikinga rangi hiyo isiunguzwe na jua. Kama mwavuli. Dawa yangu inaizuia mimea isitengeneze huo mwavuli. Jua likiwaka, kijani kinaungua, jani linabaki jeupe, halina tena cha kujilishia."

"Na ngano?"

"Ngano..." Macho ya Kidawa yalikuwa kwenye lile jani dogo, lakini hakuwa analiona. "Ngano inaipata dawa kama kawaida. Inapauka. Halafu inajua la kufanya. Inaikatakata, inaisaga kama tumbo linavyosaga chakula, mpaka inakosa nguvu. Gugu haliwezi. Tatizo ni kwamba ngano inachelewa kuanza. Inaamka wakati imeshaumia." Alimshika Bwana Magugu mkono bila kujua amemshika. "Kama ingeamka mapema? Kama tungeipa kitu cha kuiamsha kabla, kwenye mbegu?"

"Dawa ya pili."

"Dawa ya pili, ndogo, isiyoua chochote. Kazi yake ni kuigutusha tu."

"Na ikimgutusha mnafiki naye?"

Walitazamana. Hilo ndilo lilikuwa swali, na lilikuwa swali zuri kiasi kwamba Kidawa alihisi ngozi ikimsisimka. Nyuso zao zilikuwa karibu mno. Aliona tone la jasho likimshuka Bwana Magugu kwenye shavu. Ndipo akakumbuka mkono aliokuwa ameushika, na mama aliyekuwa kati yao.

Mama alikohoa. Kidawa akauachia.

"Uliambiwa uzitupe," alimwambia, akijifuta mikono kwenye sketi ili apate cha kufanya. "Kwa nini hukuzitupa?" Na kwa kuwa mama yake alikuwepo, na kwa kuwa alitaka mama asikie, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ulizificha kwa ajili yangu?"

Lilikuwa swali rahisi. Mwanaume yeyote angelijua jibu lake.

"Hapana," alisema Bwana Magugu. "Niliona doa la kijani nikataka kujua."

Jibu hilo lilimchoma. Kidawa aliinamisha kichwa, akajifanya anakagua lebo. Mama alimtazama binti yake, kisha akamtazama yule kijana, kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyeona mteja akiongeza bei ya kitu anachokinunua yeye mwenyewe.

"Angeweza kukudanganya," mama alisema polepole, kana kwamba anajisemea. "Hapo angeweza kabisa."

Mlango wa banda ukafunguka. Bi Chujio aliingia na koti lake jeupe lililopigwa pasi, akafuata sauti zao mpaka kwenye kona. Aliziona trei. Hakupandisha sauti, hakuwa na haja.

"Hizi niliagiza zitupwe."

"Ndiyo, mkuu. Sikuzitupa."

"Na huyu mzazi ni nani?"

"Ni mama yangu," alisema Kidawa, akasimama. "Mkuu, naomba ulione jani moja tu. Moja. Halafu useme utakalosema."

Bi Chujio aliinama. Akainama muda mrefu kuliko walivyotarajia. Aliponyanyuka, aliuliza maswali mafupi makavu, na Kidawa akayajibu yale aliyoyaweza, na yale asiyoyaweza akasema wazi kwamba hayajui.

"Sawa," alisema mwisho. "Jaribio moja. Ngano itoke kijani tangu mwanzo, gugu life. Ikishindikana, wewe unakwenda kwenye rangi za mbao, na wewe," alimgeukia Bwana Magugu, "utatafuta banda lingine la kufichia vitu."

*

Mama hakurudi shambani. Alisema mgongo unamsumbua, basi litamtikisa vibaya, lakini kila Kidawa alipotoka kwenda kazini alimkuta ameshavaa viatu.

Kidawa alichagua viamshi, yaani zile dawa ndogo za kuigutusha ngano, kutoka kwenye rafu ya vichupa vilivyosahaulika, vile ambavyo zamani havikuua kitu na hakuna aliyevitaka. Alivipaka kwenye mbegu za ngano. Bwana Magugu alizipanda pamoja na mbegu za mnafiki. Mama alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa chini juu, akitoa maoni.

"Umezibana mno."

"Mama, huku bandani tunapanda hivi."

"Zitagombania hewa. Wewe ulichunga mbuzi, sikiliza mtu aliyelima."

Naye akazipanua kidogo. Kidawa alimwona, na mama pia alimwona.

Waliisubiri mimea iote vizuri, kisha dawa ikapigwa. Baada ya hapo kilichobaki ni kungoja, na kungoja huko kulimtesa Kidawa kuliko kitu chochote. Alipita bandani kila alipopata sababu, na asipokuwa na sababu alipita vilevile. Yeye na Bwana Magugu waliongea mambo ya majani tu. Kati yao jibu ambalo Kidawa hajalitoa lilikaa kama mtu wa tatu ndani ya chumba.

Mchana mmoja, wakiwa wameegemea meza, Kidawa alimuuliza. "Siku ile. Ungesema ni kwa ajili yangu, ningefurahi. Mama angefurahi."

"Najua."

"Hukuona hilo?"

"Niliona baadaye. Nilipofika nyumbani nilijipiga kofi." Alivua miwani. "Lakini Kidawa, wewe ungependa nikudanganye kuhusu jani? Leo jani, kesho kitu kingine. Kama nakupenda, na nakupenda, nataka uwe na uhakika kwamba nikikuambia jambo ndivyo lilivyo."

Kidawa alimtazama. Ghafla alielewa kwa nini alikuwa hajamjibu. Maisha yake yote alitafuta mtu wa kumpa majibu. Huyu alikuwa mtu wa kutafuta naye, na hakuwa amejua kwamba hilo nalo linaitwa mapenzi. Alifungua mdomo kusema, mara mama akaita kutoka kwenye kona.

"Njooni! Njooni muone, huyu mnafiki!"

Walikimbia. Mama alikuwa amechuchumaa, amesahau kabisa mgongo. Kwenye trei ya kwanza mnafiki alikuwa ameanza kupauka, jani kwa jani, mpaka jipya la katikati. Trei ya pili hivyo hivyo. Kwenye trei ya tatu, yenye kiamshi tofauti, mnafiki alikuwa na mabaka ya kijani. Huyo alikuwa amekipata kiamshi kupitia udongo, akaamshwa pamoja na ngano.

"Hiki hakifai," Kidawa alisema, akihema, akigusa trei ya tatu. "Lakini hivi viwili..."

Hakumaliza. Ngano ya trei mbili za mwanzo ilisimama kijani tupu, kijani kizito, kuanzia shina mpaka ncha. Mama aliipitishia kiganja juu yake, vidole vilivyojikunja vikizigusa ncha za majani, akaenda mpaka mwisho wa trei akarudi tena. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mtu hainami," alisema. "Ikitoka hii, mtu hatainama tena siku nzima."

"Bado ni mbali, mama," alisema Bwana Magugu kwa upole. "Kuna majaribio ya shambani, ya udongo, ya maji. Tujue haibaki kwenye nafaka. Itachukua misimu mingi. Na inaweza kushindwa."

"Wewe kijana huwezi kumwacha mtu afurahi?"

"Samahani, mama."

"Usiombe samahani." Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Misimu mingi, na huko shambani majaribio yatahitaji ardhi, sivyo?"

"Ndiyo."

"Ardhi ninayo. Na mnafiki ninaye wa kutosha, hutahitaji kumpanda." Alimtazama tena kuanzia mabuti mpaka nywele, kama siku ile ya kwanza, ila safari hii hakuwa na haraka. "Una watu wa kukuleta nyumbani?"

"Nina dada yangu tu, mama."

"Aje. Na mbuzi mmoja aje naye, anionyeshe huyo mnafiki analiwaje."

Akachukua pochi yake, akasema anakwenda kumtafuta yule mkuu wao mwenye koti, kwa kuwa habari njema isikae ikapoa. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Walibaki wawili. Jua lilikuwa limejaa kwenye vioo vyote, na feni ilikuwa inazunguka.

"Mama yako amekubali," Bwana Magugu alisema. "Wewe bado."

"Nina swali moja."

"Moja tu?"

"Moja la leo." Kidawa alisogea mpaka mabuti ya mpira yakagusa viatu vyake. "Tukizeeka, tukawa hatuna trei wala banda, ukaona kitu usichokijua, utaniita?"

"Wa kwanza."

"Basi ndiyo," alisema Kidawa. "Ndiyo, nimekubali."

Aliishika mikono miwili ya Bwana Magugu, ile yenye udongo kwenye kucha. Na kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, hakuweza kujizuia.

"Mbona unatetemeka?"

"Sijui," alisema Bwana Magugu, akacheka, naye akamvuta karibu. "Njoo tuangalie."